Ini kugonjwa haiko lazima pombe

Hapa Bukavu mama akianza kuwa na macho ya manjano, kartie yote inasema anakunywaka kasiksi, pombe ya ndizi, kwa kujificha, na yeye hata kuonja hajaonja. Kuko watu wenye kinga ya mwili yao yenyewe inapiga ini, na wengine wanashikwa na magonjwa mbili pamoja: epatiti ya otoimuni inakula chembe za ini, kolanjiti ya biliari inaharibu mifereji midogo ya nyongo, na hii ya pili inashika sana wanawake, inachokesha, inawasha ngozi mubaya. Zote mbili haziambukize, basi muache kumutengea sahani! Dawa za prednisoni na azatiopurini zinatuliza kinga, dawa ya asidi ya ursodeoksikoliki inasaidia nyongo. Usiache prednisoni gafla juu unajisikia muzuri, ongea na munganga kwanza.