Picha ya ubongo huonyesha damu, si mawazo

Kwenye semina za wazazi na za biashara hapa Nairobi, siku hizi hakukosi picha ya ubongo wenye madoa mekundu na ya manjano. Mzungumzaji anaelekeza kidole ukutani: hapa ndipo hasira inapokaa, hapa ndipo simu inapomharibia mwanao. Picha za namna hiyo nyingi hutokana na kipimo kiitwacho fMRI, aina ya MRI (upigaji picha za mwili kwa sumaku) inayofuatilia kazi ya ubongo, na kipimo hicho ni cha thamani mno kutumiwa kuwatisha watu. Hizi hapa dhana potofu kukihusu.

Dhana: Mashine huziona seli za ubongo zikifanya kazi.

Inachoona ni damu. Seli za neva huwasiliana kwa umeme na kemikali, na fMRI haipimi hata kimoja kati ya hivyo. Inategemea himoglobini, protini inayobeba oksijeni na kuifanya damu iwe nyekundu. Mwaka 1936, Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini iliyokwisha kuachia oksijeni huvutwa na sumaku, ilhali iliyobeba oksijeni haivutwi. Ile isiyo na oksijeni huuvuruga kidogo uga wa sumaku unaoizunguka, na ishara ya MRI mahali hapo hufifia. Seiji Ogawa na wenzake wa Bell Labs, Marekani, waliitumia tofauti hiyo kwa panya mwaka 1990. Kufikia 1992, vikundi kadhaa vilikuwa vimeipata kwa binadamu, bila kuwadunga dawa yoyote.

Dhana: Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huishiwa na oksijeni.

Ni fikra ya busara kabisa, na ndiyo maana nataka tukae nayo kidogo. Kazi hula oksijeni, kwa hiyo mtu angetarajia damu ya hapo ipungukiwe na ishara ishuke. Lakini ishara hupanda! Mwaka 1986, Peter Fox na Marcus Raichle walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisisimuliwa vidole: mtiririko wa damu uliongezeka kwa takriban asilimia 29, huku matumizi ya oksijeni yakiongezeka kwa asilimia 5 tu. Seli zinapochangamka, kemikali kama oksidi ya nitriki hupanua vishipa vidogo vilivyo karibu, na damu mpya humiminika kupita mahitaji. Ubongo hupakua kama mama wa harusini: wageni kumi, sufuria la watu hamsini. Damu hiyo ya ziada huisukuma nje himoglobini isiyo na oksijeni, kilichokuwa kikiififisha ishara kinapungua, na sehemu hiyo inang'aa.

Kwa kuwa kila kitu kinapitia kwenye damu, chochote kinachobadilisha damu hubadilisha kipimo. Kikombe cha kahawa hubana mishipa ya ubongo. Upungufu wa damu nao huiathiri ishara. Mtu asiyelijua hili anaweza kulinganisha watu wawili akadhani wanafikiri tofauti, kumbe mmoja amekunywa kahawa.

Dhana: Tunauona ubongo papo hapo.

Seli za neva hujibu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini damu hufika kilele baada ya sekunde 5 au 6. Ukimwambia konda "shukisha hapo", ameshagonga matatu kabla damu haijafika kileleni. Anayetafuta kasi hutumia EEG, zile nyaya za kichwani zinazopima umeme wa ubongo, zinazojulikana sana kwa wagonjwa wa kifafa.

Dhana: Palipo na rangi panafanya kazi, kwingine kumelala.

Rangi hupakwa na kompyuta baada ya hesabu za takwimu. Mabadiliko yenyewe mara nyingi ni asilimia chache tu, au chini ya hapo. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake hata ukiwa umepumzika. Habari kwamba tunatumia "asilimia 10 tu" ya ubongo haina msingi. Na hesabu zikifanywa ovyo, rangi hutokea hata pasipo na uhai: mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki samoni aliyekufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na madoa ya "shughuli" yakaonekana kwa sababu maelfu ya vipimo vya takwimu yalifanywa bila kusahihisha matokeo yanayotokea kwa bahati tu.

Dhana: Inaweza kumfichua mwongo.

Hapana. Amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, huchangamka kwa hofu, lakini pia kwa furaha na kwa jambo geni, hivyo doa peke yake haliwezi kukuambia mtu anahisi nini. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho huko Tennessee, Marekani, ilikataa ushahidi wa aina hiyo.

Dhana: MRI yoyote ya kichwa huonyesha haya.

Ile unayoandikiwa kwa kuumwa kichwa huonyesha umbo la ubongo, haionyeshi kazi yake, na haina mionzi ya eksirei. fMRI huwafaa zaidi madaktari wa upasuaji wanaotaka kujua, kabla ya kuondoa uvimbe, ni wapi panapoongoza mkono au usemi. Katika mji huu mtu huzungumza Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza kazini. Mgonjwa kama huyo anastahili kupimwa kwa kila lugha anayoitegemea, na familia yake ina haki ya kuliuliza hilo mapema.