Si kweli kwamba wanawake waandishi wa safari walikuwa wanafuata waume tu

Wengi wanaamini zamani mwanamke mwandishi wa safari alikuwa mke tu aliyemfuata mumewe akaandika kidogo. Wapo waliofanya hivyo, ila si wote. Cheki Nellie Bly, ripota wa gazeti la New York World: Novemba 1889, umri miaka 25, hajaolewa, wakubwa wake walishamwambia mwanamke lazima awe na msindikizaji na mizigo kibao, yeye akabeba begi moja la mkononi, gauni moja mwilini, akapanda meli peke yake, akapita Suez, Aden, Colombo (hapo alikwama siku kadhaa anasubiri meli), Hong Kong mpaka Yokohama, akamaliza kuizunguka dunia kwa siku 72. Ukitaka kuhakikisha, magazeti ya Marekani ya 1889 na 1890 yameskaniwa, yapo bure mtandaoni, linganisha tarehe.