Acheni nyongo ya mamba, uangalieni unga

Kila mamba akiuawa Rufiji au Ruvu, video hufika Dar kabla nyama haijakatwa, na maoni ni yaleyale: eti nyongo yake ni sumu kali ya kuwekea watu kwenye pombe, kwa hiyo imezikwa wapi, nani ameshuhudia? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nyongo ya mamba siyo ile sumu ya kumaliza msiba mzima kwa tone moja.

Kifuko chenyewe kiko kulia, kimeshikana na ini. Funga mfereji wake kwa uzi, kata ng'ambo ya fundo, tupa. Kikipasuka, nyama inakuwa chungu kama ya kuku aliyepasuliwa nyongo. Osha haraka. Basi.

Wajuaji wana hoja nyingine: asidi za nyongo ya mamba zina atomi 27 za kaboni, zetu 24, kwa hiyo sumu ndiyo hiyo. Jamani! Ini lako wewe hupitia hatua ya kaboni 27 kila siku, kisha hukata mkia zikabaki 24. Mamba haendelei hadi hapo, na kwake kazi ni ileile ya kumeng'enya mafuta.

Hata hivyo sisemi nyongo yoyote ni salama. Huko Asia wapo waliomeza nyongo mbichi ya samaki wa jamii ya kapu kama dawa, figo zikagoma. Kwa hiyo msinywe ya mamba kwa ubishi. Halafu anayedhamiria kuua hategemei nyongo tupu. Anachanganya na mizizi na majani yake. Mtu akifa kwa unga ulioitwa "nyongo ya mamba", jina la unga halithibitishi kilichokuwamo, na hapo hata mimi sithubutu kusema hajafa kwa sumu.

Mfano wenu mkubwa ni Chitima, Msumbiji, Januari 2015: watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Nyongo ya mamba ikatangazwa siku hizohizo kuwa ndiyo iliyowaua. Maabara ilipopima pombe na unga wa mahindi uliotumika, ikakuta sumu iitwayo asidi ya bongkreki kwenye pombe, na kwenye unga bakteria wanaoitengeneza, Burkholderia gladioli. Unga ulikuwa umelowa kwa mafuriko. Asidi hiyo huzuia seli kutoa nishati, haina harufu wala ladha ya kukushtua, na moto wa kupikia hauimalizi. Mpika pombe naye alikufa. Muuaji gani huyo anayejinywesha sumu yake?

Tusicheke majirani. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara, na hapakuwa na mamba.

Kwa hiyo watu wakianguka baada ya pombe, chukueni unga, kimea, mashapo ya pipa na matapishi, kila kimoja chombo chake, vikae kwenye baridi hadi vifike kwa Mkemia Mkuu. Pombe iliyobaki peke yake haitoshi, na mkishaimwaga kwa hasira mmemwaga ushahidi. Unga uliolowa usipewe mpika pombe, hata bure.

Anayemhofia mamba aliyekufa aanze na taya: zifungeni kamba, maana misuli bado inaweza kubana. Utumbo unaweza kuwa na bakteria wa salmonela, tenganisheni visu. Na nyama inaweza kubeba mnyoo Trichinella zimbabwensis, kwa hiyo katikati ya pande ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Kuikausha kwa chumvi au moshi hakutoshi.