Kasuku Anayekunywa Chakula Chake: Kuzalisha Lorikiti Kizimbani

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki akisikia neno kasuku humfikiria ndege anayevunja mbegu, na akisikia ndege anayekula mbochi, yaani maji matamu ya maua, humkumbuka chozi. Lorikiti ni kasuku halisi kwa mdomo na kwa miguu, lakini mlo wake unakaribiana na wa chozi. Kwao Papua New Guinea, Indonesia ya mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki hula mbochi na chavua, kwa ulimi ambao ncha yake ina vinyweleo kama vya brashi. Nimewatunza ndege hawa katika bustani ya ndege huko Ulaya kwa miaka 14, na nimejifunza kwamba kuwazalisha ni kazi ya kupambana na unyevu. Chakula chao ni majimaji, kinyesi chao ni majimaji, na karibu kila kinda niliyempoteza alikufa kwa sababu ya kitu kilichochacha au kilicholowa.

Kazi hiyo huanza na bakuli. Mchanganyiko ninaowapa una unga laini wa nafaka, glukosi kidogo, chavua, virutubisho vilivyopimwa na maji safi. Wakati wa joto siuachi nje zaidi ya saa 4, kwa kuwa maji matamu yenye uvuguvugu hukuza upesi kuvu ya Candida, ambayo ni ya jamii ya hamira na hutanda mdomoni na kwenye gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni mwa ndege, kama utando mweupe. Kinda aliyeambukizwa huamka gole likiwa bado limejaa chakula cha jana, na ukimkaribia unasikia harufu ya unga uliochachuka. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Mabakuli yangu ni ya chuma kisichoshika kutu, wala situmii bati lililopakwa zinki, kwani zinki ni sumu kwa kasuku.

Kuhusu unga nina neno la kusisitiza. Mwili wa lorikiti huhifadhi madini ya chuma kupita kiasi, na ziada hulundikana kwenye ini mpaka ini likashindwa kazi, huku ndege akionekana mzima kwa muda mrefu. Wafugaji wengi huanza na unga wa uji wa watoto wachanga, wakiamini kwamba kinachomfaa mtoto hakiwezi kumdhuru ndege, ilhali mara nyingi unga huo umeongezwa madini ya chuma kwa makusudi. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua. Machungwa nayo yasiambatane na chakula chenye chuma, kwa sababu vitamini C husaidia madini hayo kufyonzwa. Mbegu kavu zisiwe msingi wa mlo wao, maana firigisi yao ni dhaifu.

Dume na jike hawatofautiani kwa macho katika spishi nyingi za jamii hii. Nilikaa misimu miwili nikisubiri jozi moja iliyokuwa ikilishana na kupandana vizuri, hadi nikakuta mayai 4 kwenye kiota ambacho kwa kawaida huwa na 2. Kipimo cha vinasaba cha manyoya kilithibitisha kwamba wote walikuwa majike. Tangu hapo siunganishi jozi bila kipimo, na kila jozi hukaa kizimba chake, kwa sababu lorikiti wakianza kutaga huweza kuuana.

Ninayemzalisha zaidi ni lorikiti wa upinde wa mvua, Trichoglossus moluccanus. Kasha lake la kiota lina upana wa sentimita 25 na kina cha 45, sakafu yake ni wavu, na juu ya wavu naweka maranda ya mbao isiyotiwa dawa, unene wa sentimita 10, ili majimaji yachuje chini. Vumbi la mbao halifai, kwa kuwa huchanganyika na kinyesi na kugandamana kama saruji kwenye miguu ya makinda. Jike huatamia peke yake kwa siku 23 hadi 25, na katika siku hizo siligusi kasha. Makinda wakifikisha takriban majuma mawili na nusu, nasubiri wazazi watoke kula, nawahamishia kwenye ndoo yenye kitambaa cha vuguvugu, nabadilisha maranda yote na kuwarudisha kabla ya dakika 10 kwisha. Baada ya hapo nabadilisha kila siku ya nne.

Hutoka kiotani wakiwa na majuma 8 hivi, mara nyingi migongo ikiwa mitupu, kwani wazazi wa lorikiti wana tabia ya kuwanyonyoa watoto wao. Mfugaji mgeni hushtuka na kuwachukua awalishe kwa mkono. Mimi nawaacha, mradi magole yamejaa na ngozi haina jeraha, kwa maana manyoya huota tena wakishatenganishwa. Wazazi nawaning'inizia matawi mabichi ya mkalitusi wapate cha kutafuna, na usiku nawasha taa ya joto karibu na kitulio. Kinda wa umri huo huingia ndani ya bakuli la mbochi akaoga, na mgongo mtupu uliolowa hupoteza joto haraka. Kwa hiyo majuma mawili ya kwanza natumia bakuli jembamba linalopitisha kichwa tu.