Kontua ni Alama ya Maji: Mtoto Aanze na Beseni Kabla ya Ramani

Mwonyeshe mtoto wa miaka saba ramani ya topografia, yaani ile inayoonyesha milima na mabonde, kisha umuulize ile mistari ya kahawia inayojizungusha ni nini. Mara nyingi atakwambia ni njia za kupandia mlima. Jibu hilo lina akili yake, kwani mistari anayoijua yeye kwenye ramani ni ya kupita watu. Sisi wakubwa ndio tunaokosea tunapomkatiza na kumkaririsha kwamba kontua ni mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Ataikariri sentensi, mlima hatauona.

Kwenye kitengo chetu cha ramani, watoto tunawaanzisha na beseni. Finyangeni mlima wa plastisini (udongo wa kawaida huyeyuka), wenye kimo cha sentimita 10 hivi. Upande mmoja usimame kama ukuta, mwingine ushuke taratibu, na kwenye huo wa taratibu mtoto aburute kidole kutoka karibu na kilele hadi chini, lipatikane bonde. Uwekeni ndani ya beseni, simamisheni rula pembeni, mimineni maji hadi sentimita 2. Mtoto akwaruze kwa kijiti palepale maji yanapogusa mlima, azunguke mpaka arudi alikoanzia. Ongezeni maji hadi 4, akwaruze tena. Kisha 6, kisha 8.

Mwageni maji. Sasa afumbe jicho moja na kutazama kutoka juu kabisa.

Hapa msiwe na haraka, na tafadhali msimweleze kitu. Muulizeni tu. Kwa nini mistari imebanana upande wa ukuta? Kwa nini bondeni kila mstari umejikunja kuelekea kileleni? Atakumbuka mwenyewe kwamba maji yalipenya kwenye mfereji wa kidole chake. Na kwa nini hakuna mistari miwili iliyokatana? Swali hili huwachukua muda, na muda huo ni mali.

Wazo hili la kuunganisha sehemu zenye mwinuko sawa lina historia ndefu. Mwanahisabati Mwingereza Charles Hutton alilitumia alipokokotoa vipimo vilivyochukuliwa katika mlima Schiehallion, Uskoti, kuanzia mwaka 1774: namba za vimo zilikuwa nyingi mno, akaunganisha zilizolingana.

Baada ya beseni ndipo ramani ifunguliwe. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini. Tofauti kati ya kontua mara nyingi ni mita 20, yaani kana kwamba maji yamepanda mita 20 kila mara. Hakikisheni kwenye ufunguo. Kwa kawaida kila mstari wa tano ni mnene zaidi.

Mwisho mchoreeni njia mbili za kufika kileleni, moja fupi inayokata mistari iliyobanana, nyingine ndefu. Muulizeni mtoto: bibi mwenye mzigo apite ipi? Akinyoosha kidole kwenye ile ndefu na kusema, "Hapa mistari imeachana," mwachieni ramani aichunguze mwenyewe.