Jani la Mzabibu na Alama Nyekundu: Ukaguzi wa Data za Vinasaba

Jani la mzabibu kutoka Makutupora likishapita kwenye mashine ya kusoma vinasaba, kinachorudi mezani si jibu bali ni faili lenye mamilioni ya vipande vifupi vya herufi A, C, G na T, na kila kipande huambatana na mstari wa alama unaoeleza mashine ina uhakika kiasi gani na kila herufi iliyoisoma. Katika mafaili mengi ya siku hizi ya FASTQ, yaani muundo wa faili unaohifadhi vipande hivyo pamoja na alama zake, alama ya kuuliza husimamia ubora wa 30, yaani uwezekano wa kosa 1 katika herufi 1,000, ilhali tarakimu 5 husimamia ubora wa 20, yaani kosa 1 katika herufi 100. Kwa anayetafuta badiliko la herufi moja tu, tofauti hiyo ni kubwa.

Hakuna anayeweza kuzipitia alama hizo kwa macho, ndiyo maana wengi huanza na FastQC, programu ya bure ya Taasisi ya Babraham ya Uingereza, ambayo hulifupisha faili zima kuwa grafu chache zenye alama ya kijani, ya chungwa au nyekundu. Wanafunzi huiogopa sana nyekundu, wakati mwingine bila sababu, kwa kuwa vigezo vyake vinalenga vinasaba vilivyokatwa kiholela kutoka jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya kiumbe. Anayesoma jeni moja iliyorudufishwa kwa PCR, mbinu ya maabara ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi, lazima apate vipande vinavyofanana kwa maelfu.

Binafsi hukawia kwenye grafu ya uwiano wa G na C, yaani sehemu ya herufi zote ambayo ni G au C. Kwa mzabibu uwiano huo ni asilimia 35 hivi, kwa hiyo mchoro ukitoa nundu ya pili karibu na 60, nashuku kwamba bakteria waliokuwa juu ya jani wamesomwa pamoja nalo, na hapo kukata ncha za vipande hakutasaidia. Itabidi vipande vilinganishwe na jenomu ya mzabibu ili vya wageni vitengwe.

Ubora unaoshuka mwishoni mwa vipande, au mabaki ya adapta (vipande vya kutengenezwa vinavyounganishwa na vinasaba kabla ya kusomwa), hurekebishwa kwa urahisi kwa programu za fastp au Trimmomatic. Baada ya hapo ukaguzi hurudiwa, ripoti zote mbili zikahifadhiwa pamoja na faili ghafi, ambalo halifutwi.