Begi la dharura: viatu vyake na malazi yake

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unapofurika, kuna mtu utamwona bila kukosa: anapanda kutoka bondeni na godoro kichwani, ndala moja mguuni, ya pili imenaswa na tope. Godoro la sufi likishaloa halibebeki na halikauki leo wala kesho. Huyo bwana ameokoa kitu ambacho usiku wa leo hatakilalia, na kilichokuwa kimtoe salama hadi barabarani amekiacha nyuma.

Begi la dharura ni begi lililofungwa kabla ya balaa, ambalo mtu akiambiwa "toka sasa" analivaa mgongoni na kuondoka bila kurudi ndani kutafuta kitu. Miongozo mingi ya maafa duniani inahesabu siku tatu, yaani saa 72, kuwa ndio muda wa mtu kujitegemea kabla misaada haijakaa sawa. Si begi la safari, kwa kuwa hujui unaelekea wapi. Si akiba ya nyumbani pia: gunia la mchele na madumu ya maji ni ya mtu anayebaki. Humo watu huweka nakala za vyeti, kitambulisho cha NIDA, dawa, tochi, pesa za chenji, na hayo hayasahauliki sana. Vinavyosahaulika ni viatu na kitu cha kulalia, kwa sababu kila mtu anavyo nyumbani na anadhani vitamfuata.

Kwa Dar es Salaam, neno "kuondoka" lina sura mbili. Ya kwanza ni maji. Desemba 2011 mafuriko yaliwatoa watu Jangwani, Kigogo na kwingineko bondeni, wengi wakalala madarasani kabla ya baadhi yao kupelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Safari ya namna hiyo ni fupi, pengine nusu kilomita hadi palipoinuka, ila ni nusu kilomita ya maji machafu usiyoona chini yake. Sura ya pili ni mlipuko au moto. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka Gongo la Mboto, watu walikimbia kwa miguu gizani, na maelfu wakapokewa kwenye uwanja wa mpira. Hapo kulikuwa kukavu lakini mbali. Viatu vya begi lako inabidi viweze safari zote mbili, na ndiyo maana uchaguzi wake una ugomvi kidogo.

Wengi hukimbilia gambuti. Kwenye uwanja wenye madimbwi, au unapozoa tope baada ya maji kupungua, gambuti ni kiatu kizuri. Lakini maji yakipita ukingo wake, kila buti linageuka ndoo: hukimbii, hukwei, na ukianguka yanakuzuia kuinuka. Na huo mwendo wa Gongo la Mboto ukiufanya na gambuti, malengelenge yatakusimamisha kabla hujafika unakokwenda. Ndala, malapa na yeboyebo vinatoka mguuni kwenye tope la kwanza. Katambuga za tairi nitazitetea: msumari haupenyi soli ile kirahisi, na maji yanaingia na kutoka. Ila vidole viko wazi, na vidole ndivyo vinavyokutana na bati lililong'oka.

Mimi nachagua raba iliyofungwa mbele, yenye kamba, yenye soli ngumu yenye meno, ambayo umeshaivaa mpaka mguu wako unaijua. Ya mtumba inatosha kabisa, soko la Karume zimejaa. Ukiipata usiitie kwenye begi siku hiyo hiyo. Ipeleke kwanza kwa fundi viatu aishone soli kuzunguka yote, kwa uzi, maana gundi pekee ikikaa ndani ya maji inaachia. Halafu ivae angalau mara moja kila wiki kwa wiki chache za mwanzo, na baadaye uwe unaitoa mara kwa mara. Raba iliyofichwa miaka mitatu kabatini kwa joto na unyevu wa mji huu huwa nzima kwa macho tu. Soli za povu zinaoza zenyewe bila kuvaliwa, na kamba hukatikia pabovu: utajua siku unakimbia.

Sababu ya kuhangaikia unyayo namna hii ni ya kitabibu zaidi. Maji ya mafuriko ya mjini yamepita kwenye vyoo, majalala na mitaro. Chini yake kuna chupa zilizopasuka na misumari, na mchubuko mdogo unafungulia mlango pepopunda. Kuna pia homa ya mgunda, ile iliyowashtua watu Lindi mwaka 2022, ambayo vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, vikakaa majini na kuingia mwilini kupitia ngozi iliyochanika. Kiatu kilichofungwa hakizuii maji. Kinazuia kukatwa, na hilo ndilo jambo kubwa. Wala kisikupe ushujaa: maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa chini ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima mwenye viatu vizuri kuliko vyako.

Soksi weka jozi mbili ndani ya nailoni. Ukifika pakavu, vua raba, osha miguu kwa maji safi, ikauke, ndipo uvae soksi kavu. Miguu iliyokaa kwenye unyevu usiku kucha hulainika na kubanduka ngozi.

Sasa viatu vikae wapi? Jibu langu ni kwamba viatu ni sehemu ya begi lakini havikai ndani ya begi. Funga kamba za raba pamoja, zitundike kwenye mkanda wa begi, begi litundikwe msumarini nyuma ya mlango. Kwenye nchi za matetemeko watu huambiwa waweke viatu karibu na kitanda, kwa sababu majeraha mengi yanatokana na kukanyaga vioo gizani ndani ya nyumba zao wenyewe. Umeme ukikatika usiku wa mvua, hatuna tofauti nao.

Kwenye malazi, hapo ndipo orodha za nchi za baridi zinatupoteza. Zinataja begi la kulalia la manyoya, blanketi la foili, hema. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na begi la manyoya halina kazi kwenye darasa la Dar mwezi wa nne lenye watu sitini na joto lao. Shida za usiku wetu ni nyingine kabisa, nazo ni sakafu, mbu, na nguo zilizoloa.

Anza na sakafu. Saruji yenye unyevu inanyonya joto la mwili hata kama hewa ya chumbani ni ya kukutoa jasho. Mtoto mchanga na bibi ndio wanaoumia kwanza. Kinachosaidia ni tabaka lenye hewa katikati: mkeka wa plastiki unaokunjika, na chini yake maboksi yaliyofunguliwa ukiyapata huko uliko. Mkeka wa ukindu ni mzuri kuliko wote kwa kulalia, lakini ukiloa unachukua muda na unaota ukungu. Anayebana matumizi achane viroba viwili vya sembe, avishone pamoja, apate turubai jepesi la kutandika. (Nasema kiroba cha unga, si kile cha pombe kilichopigwa marufuku 2017.)

Cha kujifunika ni doti ya kanga. Sijaona kitu kinachoishinda kwa uzito wake. Usiku ni shuka, asubuhi ni mbeleko, mchana ni pazia la kubadilishia nguo mbele za watu, ikiloa unaikamua na inakauka upesi. Shuka la Kimasai linafuata, kwa mtu anayesikia baridi. Blanketi zito liache. Likinywa maji limekuwa mzigo wa watu wawili. Kwa mtoto ongeza sweta na kofia.

Chandarua chenye dawa ndicho kitu ambacho ningekiweka hata kama nimebakiwa na nafasi ya kitu kimoja. Baada ya maji kutulia mbu huzaliana kwa fujo, na wa malaria anauma usiku, umelala mahali ambapo madirisha hayana nyavu. Cha duara kinataka sehemu moja ya kukining'iniza juu, ambayo darasani mara nyingi haipo. Cha pembe nne unaweza kukifunga chini chini, kwenye nondo za dirisha upande mmoja na miguu ya madawati upande wa pili, kisha ukachomekea pindo chini ya mkeka. Kwa hiyo usisahau na kamba zake: mita kumi za kamba ya katani au ya nailoni.

Vyote hivi vya kulalia vifungwe ndani ya nailoni nzito, ile inayouzwa kwa mita madukani, ikunjwe mdomo mara tatu na kufungwa. Begi lenyewe, hata likiandikwa kwamba halipitishi maji, lisiaminiwe. Kisha livae, ubebe mtoto mkono mmoja, tembea usiku hadi kituo cha daladala na kurudi. Ukihema, punguza, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu ni wako.

TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ikitoa angalizo, raba zishuke msumarini na zikae mlangoni. Ikipanda kuwa tahadhari kubwa, lala na soksi. Na kabla ya kila masika na kila vuli, fungua begi ujaribishe viatu vya watoto. Vya mwaka jana havitawaingia.